Mdudu haishi kwenye wastani: kwa mnaokuja kupima wadudu Moshi

Kila Julai tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na karibu wote wakishuka stendi husema neno moja: "Kumbe Moshi kuna baridi!" Mimi somo langu naanzia hapo hapo. Wewe umevaa sweta, na mwili wako umebaki kwenye nyuzi 37 kwa sababu unachoma ugali ndani. Mende aliyejificha chini ya begi lako hana jiko hilo. Sakafu ikipoa naye anapoa, na shughuli zote za mwili wake, kusaga chakula, kukua, kutaga, zinapunguza mwendo. Huko kuchoma chakula ili mwili upate nguvu ndiko vitabuni mnakoita umetaboli, na kwa mdudu mwenye kuamua kasi yake ni hali ya hewa.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, matumizi ya nguvu mwilini mwa mdudu huongezeka kama mara mbili, kwa wengine hata mara tatu. Haiendi hivyo milele. Karibu na nyuzi 40 wengi huanza kulegea, na juu ya hapo ni kufa.

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kichupa chenye mbawakawa, chokaa ya soda, na mrija mwembamba wenye tone la rangi. Mdudu anavuta oksijeni, hewa ukaa anayotoa inanyonywa na chokaa, kwa hiyo hewa ya ndani inapungua na tone linasogea kuelekea kichupani. Mimi nikakishika kichupa mkononi ili nisome vizuri. Tone likaenda nje! Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba mbawakawa huyu anatengeneza oksijeni. Kaka aliyekuwa ananifundisha akasoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mbawakawa wangu ana majani. Joto la kiganja lilikuwa limetanua hewa ya ndani, basi. Tangu siku ile kichupa hukaa kwenye beseni la maji yasiyobadilika joto, na pembeni yake kichupa cha pili kisicho na mdudu. Tone la kichupa kitupu likisogea, ujue ni hewa inacheza, na kiasi hicho unakitoa kwenye hesabu.

Kosa la pili lilikuja na mashine ya kisasa. Mstari wa hewa ukaa kwenye skrini ulikuwa umelala chini kabisa, nikazima, nikawasha, nikafungua mabomba yote. Mashine ilikuwa nzima. Mdudu hapumui kwa mapafu; ana vitundu ubavuni vinavyoingiza hewa kwenye mirija ya ndani, na baadhi ya mbawakawa, mende na sisimizi wakitulia huvifunga kwa muda, kisha huvifungua na kutoa hewa ukaa kwa mkupuo. Kwa hiyo msikimbilie kufungua mabomba. Subirini, na mpime muda mrefu. Mdudu awe ametulia na hajala karibuni, na apimwe uzito kabla na baada. Hayo mtayazoea ndani ya wiki moja.

Jambo linalochukua miaka kuzoea ni wastani. Mwanafunzi ananiletea jedwali: wastani wa joto nyuzi 25, kwa hiyo mdudu anatumia kiasi fulani. Namwambia tuhesabu. Tuseme kwenye nyuzi 15 mdudu anatumia kibaba 1 kwa saa. Kwenye 25 atatumia 2, kwenye 35 atatumia 4. Mdudu anayekaa kwenye 25 mchana na usiku ni vibaba 2, hakuna ubishi. Lakini anayeshinda nusu ya siku kwenye 35 na kulala nusu kwenye 15, wastani wake wa joto ni ule ule 25, ila matumizi yake ni nusu ya 1 na nusu ya 4, yaani 2.5. Robo nzima imeongezeka na jedwali lako halikuiona. Mchana wa jua kali humla mdudu kuliko usiku wa baridi unavyomrudishia.

Kwa hesabu hiyo hiyo, digrii moja ya kutoka 30 kwenda 31 inamgharimu karibu mara tatu ya digrii moja ya kutoka 15 kwenda 16. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba huku kwetu ongezeko la joto ni dogo. Ni dogo kwenye kipimajoto.

Halafu uliza: joto la wapi? Kupanda mlima, kila mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.6. Kutoka mjini Moshi mpaka geti la Marangu unapanda kama mita 1,000, yaani nyuzi 6 hivi, na mdudu yule yule akibebwa mpaka kule matumizi yake yanashuka kwa karibu theluthi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ukiingia kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachagga lenye migomba na kahawa, mambo yanabadilika ndani ya hatua kumi. Nilikwenda Uru kuweka vipimajoto vinavyojirekodi, nikamsalimia mwenye shamba, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, hicho kidude mbona unakitundika juani? Ruhuka anakaa ndani ya buni." Ruhuka ni yule mdudu mdogo anayetoboa matunda ya kahawa, na mimi kipimajoto nilikuwa nimekitundika kwenye nguzo, peupe. Akanionyesha mibuni iliyo chini ya migomba na ile ya ukingoni isiyo na kivuli, ambako matunda yaliyotobolewa yalikuwa mengi zaidi. Ruhuka chini ya nyuzi 15 hivi hakui kabisa, kwa hiyo nyuzi mbili tatu za kivuli si mchezo kwake. Nikahamisha vipimajoto vyote mchana ule, nikiwa na chai yake tumboni. Kwa mbu ni vivyo hivyo: anayelala ndani ya nyumba yenye moshi wa jiko halali kwenye joto la kituo cha hali ya hewa.

Nyuki msimweke kwenye jedwali moja na wengine. Mmoja mmoja ni mdudu kama wote, ila kundi hutetemesha misuli ya mabawa na kuweka majana, yaani watoto wa nyuki, kwenye nyuzi 34 au 35. Kwao baridi huongeza matumizi, na kuni zao ni asali. Mfugaji wa juu akikulalamikia kwamba mzinga ulikuwa mzito ukawa mwepesi wakati wa ukungu wa Juni na Julai, usimdhanie mwizi jirani yake kabla hujapima.

Kazi ya usiku wenu wa kwanza haihitaji mashine. Mwaka 1897 Mmarekani Amos Dolbear aliandika kwamba ukihesabu milio ya nyenje kwa dakika, ukatoa 40, ukagawanya kwa 4, kisha ukajumlisha 50, unapata joto kwa Fahrenheit. Nyenje wa huku ni wa jamii nyingine, kanuni hiyo haiwahusu, lakini nao hupunguza mwendo baridi ikiingia. Chagueni mmoja anayelia peke yake, mhesabu saa mbili usiku na tena saa kumi alfajiri. Asubuhi mniletee namba zote mbili, pamoja na joto la kwenye jani alilokaa, si lile la kwenye simu.