Kabla hujaagiza viriba vya miche: kwa wanaoanza kazi ya kurudisha miti kwenye ardhi kame

Wadogo zangu, nimepitia mipango kazi ya msimu huu na karibu yote imeanza na swali lilelile: tutapanda miche mingapi? Sikuona aliyeuliza ni mingapi itakayokuwa hai mvua za pili zikianza. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuona kiangazi kikila jasho la watu kwa kosa ambalo sisi wakubwa wenu tulishalifanya.

1. Angalia chini kwanza.

Shamba linaloonekana tupu mara nyingi lina visiki hai. Mti ulikatwa, mizizi ikabaki, na kila mwaka unachipua, unafyekwa, unachipua tena. Tembea shamba zima na mwenyewe kabla ya kufungua kitalu.

Hili mimi sikulifanya. Nilipokuwa mgeni kazini nilipewa mashamba yaliyochoka, na agizo langu la kwanza kwa wakulima likawa kusafisha: ng'oeni vichaka vyote tupate mistari ya mashimo. Mama mmoja aliyekuwa amelima pale maisha yake yote aliniuliza kwa nini aondoe kitu kinachoota kila mwaka bila kumwagiliwa. Nilimjibu mbele ya majirani zake kwamba vile ni vichaka tu, sisi tunaleta miti. Alinyamaza. Alinitii kwa sababu nilikuja na gari na barua.

Tuling'oa. Tulivuta kamba, mashimo yakanyooka, picha zikapigwa, ripoti ikaenda na idadi ya miche. Mvua ikakatika mapema. Ile miche ilikuwa imelelewa kwa maji ya kila siku, mizizi mifupi, mingine imejizungusha ndani ya kiriba. Unyevu ulishuka chini na mizizi haikuufuata. Mchwa wakaanza, mbuzi wakamaliza. Hayo peke yake yanavumilika, kwa kuwa miche hufa hata mikononi mwa wajuzi. Kilichoniumiza ni visiki. Mizizi iliyokuwa imevumilia shoka, moto na jembe kwa miongo niliiondoa mimi, kwa majembe ya watu walioniamini. Upepo wa kiangazi ulipokuja, udongo wa juu haukuwa na wa kuushika. Kwa jirani ambaye siku ya mkutano wetu alikuwa safarini, machipukizi yalikuwa yamefika kifuani. Nilirudi kwa yule mama nikamwomba radhi, mbele ya majirani walewale. Radhi aliitoa; mizizi haikurudi.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kijana akisema "eneo limesafishwa tayari". Limesafishwa nini?

Maradi, kusini mwa Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, naye alipanda miche kwa miaka, mingi ikafa, mpaka mwaka 1983 alipotambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani ni miti iliyokatwa inayojaribu kurudi. Wakulima wakachagua machipukizi machache yenye nguvu kwa kila kisiki, wakapogolea mengine, wakayalinda na moto na mifugo. Mkulima aliiga kwa jirani yake. Katika takribani miaka 20 miti ilirudi kwenye hekta zinazokadiriwa kufika milioni 5. Kitalu cha ukubwa huo hakipo, na asingepatikana wa kukilipia.

2. Uliza mti ni wa nani.

Hapo Niger, kwa muda mrefu mti ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya mtama wa mtu. Mkulima aliyekata tawi aliweza kutozwa faini, basi ilimfaa kuung'oa ukiwa mdogo kabla haujaonekana. Sheria ilipolegezwa kwa vitendo na watu wakaamini kwamba watavuna walichotunza, waliacha kung'oa. Usiende shambani na mkasi wa kupogolea kabla hujajua haki ya kuvuna ni ya mwenye shamba, ya mpangaji, au ya mwenye mifugo anayepita baada ya mavuno. Mpangaji wa msimu mmoja hatatunza chipukizi la kufaidiwa na mwingine, na usimlaumu.

Someni habari za Shinyanga, Tanzania. Miti ilifyekwa huko kwa miaka mingi ili kumwondoa mbung'o na kupisha pamba, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa ngitili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi nyasi zikiwa adimu. Ngitili zilizorekodiwa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi 300,000. Watu hawakufundishwa kupenda miti. Waliimarishiwa kitu chao, na kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, iwe familia au kijiji.

3. Maji kwanza, mche baadaye.

Pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kwa fremu A (miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na timazi katikati), usikadirie kwa macho. Kuna matuta ya aina mbili ya kuzuia maji: fanya juu hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, fanya chini upande wa chini. Kila mwaka kuna anayezichanganya na mvua ya kwanza inamfundisha. Kwenye ardhi iliyokauka na kuwa ngumu, fuata zaï, mashimo madogo ya kupandia ambayo mkulima Yacouba Sawadogo aliyaboresha Burkina Faso: yachimbwe kiangazi, yawekwe samadi, mchwa wapasue udongo ili mvua ikija iingie badala ya kukimbia.

4. Miche ya kitalu: izoeshe jua na kiu kabla ya kuitoa, na kata mizizi iliyojikunja.

5. Usilete mti mgeni kwa sababu unakua haraka. Mathenge (Prosopis juliflora), mti wa miiba, ulipelekwa Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 kupambana na uhaba wa kuni na jangwa. Leo umefunga malisho, na wafugaji walikwenda mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake.

6. Mchoma mkaa si adui yako.

Kwenye tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kuni zilizokauka vizuri na kupangwa kwa ustadi huongeza kiasi hicho, na jambo hilo litamfanya akusikilize kuliko hotuba ya mazingira. Anajua ni miti gani huchipua ikikatwa na gani hufa. Kubalianeni akate kwa mshazari, asichimbue kisiki, na asirudie eneo hilo mpaka machipukizi yakomae.

7. Bajeti.

Tengeni fedha za kiangazi cha pili na cha tatu, kwa ulinzi na kupogolea. Mfadhili akiuliza mbona idadi ya miche ni ndogo, mpeni hesabu ya visiki hai vilivyofungwa kitambaa cha alama kwamba vinatunzwa, shamba kwa shamba. Hesabu hiyo ifanyeni mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijaanza kufanya kila kitu kionekane kijani.