Mubuku hauishi kwa theluji

Swali: Nalima mahindi katika skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, wilaya ya Kasese. Kila mtu anasema theluji ya Rwenzori inakwisha. Ikiisha, mifereji yetu itakauka?

Jibu: Ndugu mkulima, barafu inakwisha kweli. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia 2003 haikufika hata moja. Kwa Wakonzo, wenyeji wa mlima huo wanaoiita Nzururu, huo ni msiba mkubwa. Lakini mto wako, Mubuku, haunyweshwi na barafu. Watafiti waliopima walikuta maji yatokanayo na barafu hayafiki asilimia 2 ya yale yanayopita Mubuku chini ya mlima, iwe kiangazi au masika.

Kinachoulisha mto ni mvua, na ghala lake ni vinamasi vya juu, kama vile vya Bigo kwenye bonde la Bujuku. Ukikosea hatua kati ya vichaka vya nyasi pale, mguu unazama hadi gotini. Tope lile jeusi hushika maji kama sponji na kuyaachia polepole. Bujuku hukutana na Mubuku karibu na Nyabitaba, kwenye mita 2,600 hivi, kisha mto huteremka na jina la Mubuku, ukizungusha mitambo ya umeme kabla ya kufika shambani kwako.

Kwa hiyo tunakusihi: hofia moto na ukataji miti kuliko kuyeyuka kwa kilele. Tope likiungua, mvua ileile itashuka kwa saa chache badala ya wiki kadhaa. Utaletewa mafuriko kwanza, ukame baadaye.

Swali: Maji hayo huishia wapi? (Msomaji, Fort Portal)

Jibu: Yanauzunguka mlima ulioyazaa. Mubuku huingia Ziwa George, ambalo kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu. Kutoka hapo maji hupita mfereji wa asili wa Kazinga hadi Ziwa Edward, kisha hutoka kwa mto Semliki, ambao hupanda kaskazini upande wa magharibi wa Rwenzori. Huko hupokea mito ya mteremko wa pili, ukiwemo Lamia ulio mpakani mwa Uganda na Kongo, na wote huingia Ziwa Albert, kisha Nile. Hata Mpanga wenu hapo Fort Portal huishia Ziwa George.

Swali: Tunakaa kando ya mto Nyamwamba, Kasese. Tutajuaje kuwa mafuriko yanakuja?

Jibu: Bonde ni fupi na mteremko ni mkali, ndiyo maana Mei 2013 na Mei 2020 maji yalibeba majabali. Usingoje mvua inyeshe kwako. Maji yakigeuka kahawia ghafla, au ukisikia mawe yakigongana chini ya maji, panda juu mara moja. Dalili mbaya kuliko zote ni mto kupungua huku mlimani kunanyesha: huenda maporomoko yameuziba, na kizuizi hicho kitapasuka. Panda ubavuni mwa bonde; usikimbie kufuata mto.

Swali: Ninafundisha jiografia. Tunawezaje kupima maji ya kijito bila vifaa?

Jibu: Mwalimu, chagua kijito kisichozidi magoti, sehemu iliyonyooka. Pima mita 10 ukingoni, weka kijiti kila mwisho. Dondosha chungwa majini mita 2 kabla ya kijiti cha kwanza ili lishike kasi, kisha hesabu sekunde kutoka kijiti hicho hadi cha pili. Chupa tupu haifai, upepo huisukuma.

Tuseme upana ni mita 3. Pima kina kila nusu mita: 0.1, 0.2, 0.3, 0.2, 0.1. Jumla ni 0.9, zidisha kwa 0.5, upate mita za mraba 0.45. Chungwa likitumia sekunde 20, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. 0.45 mara 0.5 mara 0.7 ni karibu mita za ujazo 0.16, yaani lita 160 hivi kila sekunde. Hiyo 0.7 ni kwa sababu mawe ya chini na kingo hupunguza kasi ambayo chungwa halioni. Kwenye mfereji laini wa saruji tumia 0.85. Wengi hukosea kwa kupima kina cha katikati peke yake, na jibu huwa kubwa mno. Rudia mara 5, uchukue wastani, na chungwa lililonaswa na jiwe usilihesabu.