Kabla hamjaomba moshi mtaani, mtafuteni mtu wa kuchungulia maji

Kila masika ikikolea hapa Dar magrupu ya mitaa yanaanza, mbu wamezidi, watoto hawalali, kwanini hawaji kupuliza moshi. Naelewa kabisa, mtoto akiamka ana mabaka mwili mzima lazima uumie. Ila mi nimefanya kazi ya kuzunguka mitaa ya Ilala natafuta viluwiluwi vya mbu kiwanja kwa kiwanja, kipindi kile mradi wa jiji wa kudhibiti malaria unafanya kazi, na baadae nikaendelea na kamati ya afya na mazingira ya mtaa wangu, kwahiyo nawaambia kitu nilichokiona kwa macho. Moshi uombeni mwishoni kabisa. Cha kwanza ni mtu anaejua maji yote ya mtaa wenu yalipo na anaeyapitia kila wiki bila kukosa.

Sababu yenyewe ni hii. Ule moshi unamuua mbu anaeruka saa ile, aliyejificha uvunguni au chooni anaweza kupona, na alieko kwenye maji hata haumgusi. Yai mpaka mbu mzima ni kama siku 7 mpaka 14, na kwa joto letu la Dar mara nyingi ni zile chache, yaani gari la moshi likipita Jumamosi basi ndani ya siku chache tu wanaanza kuruka wapya kutoka dimbwi lile lile mlilolipita mnaenda kushangilia gari. Sisemi moshi haufai, kukiwa na mlipuko wa dengue unahitajika uwapunguze haraka wale wanaoruka na ugonjwa tayari. Ila mtaa unaotegemea moshi peke yake utaomba moshi kila mwaka.

Halafu watu wanasema mbu mbu kama ni mdudu mmoja, na hapo ndo mipango mingi ya mtaa inapoharibika maana kila mbu ana maji yake. Anaekusumbua usiku kucha masikioni, kwa Dar wengi mno ni kuleksi, huyu anapenda maji machafu, choo cha shimo, karo, chemba iliyopasuka, mtaro uliojaa takataka. Huyo haambukizi malaria, lakini ndo wa matende na mabusha. Wa malaria ni anofelesi, anapenda maji yanayopigwa jua, dimbwi la mvua, nyayo za matairi kwenye barabara ya udongo, msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, na yale matuta ya mchicha na matembele bondeni ambapo maji yanasimama katikati ya tuta na tuta. Halafu yupo aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, huyo ndo wa dengue, na yeye anakaa kwenye vyombo vyetu wenyewe, tairi, ndoo, sahani ya chini ya ua, kifuu, kopo la rangi, pipa la maji ya kufulia. Mayai yake anayabandika ukutani kwa chombo juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi, yakipata maji yanaanguliwa, ndo maana ukimwaga pipa bila kulisugua kwa brashi hujamaliza kazi.

Dar ilipigwa na dengue 2010, 2014 na 2019, na mara zote watu walikuwa wanafukia madimbwi barabarani huku tairi ziko nyuma ya gereji zimejaa maji. (Na kama mtu ana homa jamani apime, asijipe dawa ya malaria kwa mazoea, na kama ni dengue aspirini na diklofenaki hapana, zinaongeza hatari ya kutoka damu, ni paracetamol na maji mengi na hospitali.)

Sasa niwaambie jiji lilivyofanya, maana wengi hawajui kwamba Dar ilishawahi kuwa na mfumo ambao watafiti wa nje walikuja kujifunza. Miaka ya 1988 mpaka 1996 kulikuwa na mradi uliosaidiwa na Wajapani, Dar na Tanga, walisafisha mitaro na kupulizia. Halafu 2004 ukaanza mradi wa malaria mijini chini ya halmashauri ya jiji na manispaa tatu za wakati ule, Ilala, Kinondoni na Temeke, kata 15 kwa jumla. Dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kumwagwa 2006 kwenye kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini, zikaongezwa kata mpaka 2008 zikawa zote 15.

Kilichonivutia sana kwenye ule mradi ni ramani. Kabla ya mtu kumwaga chochote, kila eneo la mjumbe wa nyumba kumi lilichorwa kwa mkono, kiwanja baada ya kiwanja, nyumba, kibanda, uwanja wa mpira, kichaka, hata pale ambapo hapana mwenyewe, kila kipande na namba yake. Halafu michoro ikalinganishwa na picha za angani, na pale ikaonekana wazi kuna vipande vya mji ambavyo kila mjumbe alidhani ni vya mwenzake, mara nyingi bondeni na kando ya reli, na ndo hapo hapo maji yanaposimama. Ukitaka kuanza mtaani kwenu anzia hapo. Kaeni na wajumbe, chukueni karatasi kubwa, choreni, na mkishamaliza tembeeni mpaka mpakani na mjumbe wa upande wa pili mkubaliane kile kibonde ni cha nani, maana mbu hajui mpaka wa mtaa.

Baada ya ramani kila mtu alipewa eneo na ratiba, Jumatatu hapa, Jumanne pale, wiki inayofuata siku ile ile unarudi pale pale. Wiki moja imechaguliwa kwa sababu ya ule muda wa yai mpaka mbu, ukipita kila wiki unamkuta bado yumo ndani ya maji, ukiruka wiki mbili ameshaondoka. Unaenda na dipa, ni kama upawa mweupe wenye mpini mrefu, unachota pembeni penye majani, taratibu bila kivuli chako kuanguka juu ya maji maana wakiona kivuli wanazama. Ukikosa dipa, upawa wa jikoni mweupe uliofungwa kwenye fimbo unatosha kabisa. Ukiona kiluwiluwi amelala bapa sambamba na uso wa maji, huyo ni anofelesi. Ukiona ananing'inia kichwa chini mkia juu, huyo ni kuleksi au aedesi. Unaandika wakubwa na wadogo, na kama kuna pupa, wale waliojikunja wenye kichwa kikubwa, andika kwa kalamu nyekundu kama unayo, maana hao wamebakisha siku moja mbili tu waruke.

Na hapa kuna jambo la dawa watu hawaambiwi. Zile dawa za kibaiolojia zinatokana na bakteria, kiluwiluwi anazila, zinamharibu utumbo, anakufa. Samaki, kuku, mbuzi, binadamu haziwadhuru. Lakini pupa hali kitu, kwahiyo ukichelewa ukakuta maji yamejaa pupa, dawa hiyo utaimwaga bure, hapo mwaga maji yenyewe au fukia. Kuna aina mbili, ile Bti ambayo kwenye dimbwi la wazi inaisha nguvu ndani ya siku chache ndo maana inarudiwa kila wiki, na ile ya Bs inayodumu zaidi kwenye maji machafu, kwenye mradi vyoo na makaro yalikuwa yanawekewa kila miezi mitatu. Na hizi dawa sio lazima zitoke mbali, kiwanda kipo Kibaha, kilifunguliwa 2015 kwa utaalamu wa Kyuba, na 2017 Rais Magufuli alikwenda pale akaagiza halmashauri zinunue. Kwahiyo mkienda kwa bwana afya wa kata muulizeni moja kwa moja dawa ya viluwiluwi ya kata yetu iko wapi na nani anaimwaga siku gani.

Shida kubwa kuliko zote niliyokutana nayo ilikuwa geti. Uswahilini unapiga hodi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, unakaribishwa mpaka uani, unaonyeshwa hata kisima cha jirani. Ukifika kwenye ukuta mrefu mlinzi anakwambia bosi hayupo, rudi wiki ijayo, wiki ijayo vilevile, na ndani kuna bwawa la kuogelea lisilotumika na gata zilizoziba majani. Watafiti waliokuja kukagua kazi yetu waliliona hili hili, kwamba maji yaliyo ndani ya viwanja vyenye uzio yalikuwa yanapitwa zaidi bila kuonekana, na kwamba mtu anaelijua eneo na kujulikana na wenye eneo anapata mengi kuliko mgeni. Kwahiyo ushauri wangu ni mawili. Mtu wa kuzunguka awe mkazi wa pale pale anaefahamika, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa apite nae mzunguko wa kwanza ampeleke geti kwa geti, awe na kitambulisho na barua yenye mhuri. Na wewe unaekaa nyuma ya ukuta tafadhali mwambie mlinzi wako afungue. Mbu wa kwako wanaruka ukuta wanaenda kwa watoto wa jirani asiye na neti ya dirisha.

Wakulima wa bondeni nao tusiwafukuze wala tusiwatukane, mboga tunakula wote. Nilichoona kinafanya kazi ni kukaa nao wafungue maji kati ya matuta yatiririke badala ya kusimama, na wale wenye visima vifupi vya kumwagilia wakubali viwekewe dawa au samaki. Wengi wanakubali ukiwaonyesha viluwiluwi kwenye dipa, mtu akishaona mwenyewe huhitaji kuhubiri.

Kwa vyoo vya shimo vyenye maji kuna njia ambayo naona tumeisahau bila sababu. Makunduchi kule Unguja mwaka 1988 waliweka vile vipunje vyeupe vya plastiki, vile vya kujazia mito ya kukalia, vikatanda juu ya maji ya choo, mbu hawezi kutaga na kiluwiluwi hapati hewa. Pamoja na dawa za matende waliyopewa watu, kuleksi walipungua sana na ugonjwa ukashuka, na vile vipunje vinakaa miaka. Kwa choo kisichofurika ni njia nzuri mno. Kwenye maeneo yanayofurika kama kandokando ya Msimbazi haifai, mvua itavibeba vyote viende mtoni, kule zibeni matundu, wekeni wavu kwenye bomba la hewa na zibeni nyufa za chemba kwa saruji. Oili chafu msimwage jamani, najua wengi wanafanya, inaua viluwiluwi kweli lakini inashuka kwenye visima ambavyo tunachota maji.

Na hesabu ya mbu wakubwa pia inahitajika, sio viluwiluwi peke yake. Zamani watu walikuwa wanakaa usiku miguu wazi wanamkamata mbu akitua, baadae Dar ikatumia mtego wa hema wa Ifakara, mtu analala ndani ya hema, mbu anaingia sehemu ya nje anakwama bila kumfikia, asubuhi wanahesabiwa. Waliokuwa wanalala kwenye hizo hema ni wakazi wa kawaida wa mitaa. Hesabu ile ndo inayokwambia kama dawa inafanya kazi au mtu anajaza fomu amekaa kwenye kahawa. Mtaa hauwezi kununua vifaa vyote hivyo, lakini mnaweza kuomba kata iwaletee matokeo yao, na mnaweza kuwa na daftari lenu, tarehe, kiwanja, aina ya maji, viluwiluwi vipo au hamna, kimefanyika nini. Daftari la miezi mitatu ukilipeleka kwenye kikao cha kata unasikilizwa tofauti kabisa na mtu anaekuja kulalamika, hili nimeliona mara nyingi, mtaro wetu ulizibuliwa kwa sababu daftari lilionyesha wiki kwa wiki maji yale yale yana wadudu wale wale.

Kitu kimoja kipya cha kuangalia. Kuna anofelesi aina ya stephensi, asili yake Asia, aligunduliwa Djibouti 2012, akaenda Ethiopia, na Kenya wametangaza kumpata kaskazini kule Marsabit. Huyu anaeneza malaria lakini anazaliana kwenye matenki na mapipa katikati ya mji, yale yale ya aedesi. Kwahiyo ule uzoefu kwamba maji ya kwenye simtanki ni ya dengue tu usiutegemee. Simtanki lako liwe na mfuniko unaokaza na lile tundu la kumwagia maji ya ziada lifungwe kipande cha neti kwa waya, ni kazi ya dakika chache na fundi yeyote wa bomba anaweza.

Kama mnataka kuanza, anzeni mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza, maji yanakuwa machache na rahisi kuyachora yote, dimbwi linalobaki na maji wakati wa kiangazi ndo linalotoa mbu wa kwanza wa masika. Mpeni kazi mtu mmoja kwa kila wajumbe wachache, mlipeni chochote mtakachokubaliana kwenye mkutano wa mtaa maana kujitolea bila hela ya sabuni na buti kunaisha mwezi wa pili wake, na mchague siku ya wiki ambayo haibadiliki, hata ikiwa mvua inanyesha.