Mpira wa 140 kwa macho matupu? Yaliyonikuta Tabora

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu linanigusa. Umesema mdogo wako yuko kidato cha tatu, ameanza kurusha besiboli, na jamaa wawili waliokuwa pembeni ya uwanja wamekwambia kwa kumwangalia tu kwamba anarusha kilomita 140 kwa saa. Unauliza kama mtu anaweza kweli kupima kasi kwa macho. Wachangiaji wa juu wamekujibu kwa mkato. Mimi nitaomba nafasi kubwa kidogo, maana kosa hilo nimewahi kulifanya na aliyeumia ni mtoto wa watu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu, niko Tabora mjini miaka mingi sasa. Besiboli hapa nchini imekua sana kwa msaada wa Wajapani, na uwanja wake uko shule ya sekondari Azania kule Dar es Salaam. Huku kwetu ilitufikia kwa glavu chache na mipira kumi na miwili ndani ya kiroba. Tulisafisha kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, kati ya miembe miwili, tukaanza.

Kwa msiojua mchezo wenyewe: mrushaji anasimama kwenye kibao, mbele yake mita 18.44 kuna bamba, kipande bapa kilicholazwa chini ambacho mpira unapaswa kupita juu yake. Mpigaji anasimama kando ya bamba, mdakaji anachuchumaa nyuma yake na glavu. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, mgumu, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Warushaji wa ligi kuu ya Marekani wanaurusha kilomita 145 kwa saa na zaidi, ukitumia kama sekunde 0.4 tu kufika. Huo ndio muda ambao jicho lako linaombwa litoe hukumu.

Nilikuwa na kijana wa Urambo. Mrefu, mikono mirefu, utoto wake wote amefukuza ngedere kwenye mahindi kwa mawe na kutungua maembe. Alishika mpira kwa vidole viwili juu ya mshono, gumba chini, na upande wa ndani wa kidole chake cha kati palikuwa na sugu ndogo, pale uzi unapokwaruza kila mpira unapotoka. Mpira wake ukitua kwenye glavu, wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja walisimama na mafagio yao. "Mwalimu, huyu anarusha ngapi?" Nikajibu, "Mia thelathini na tano hivi." Sikuwa natania. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mdakaji, nimeuona mpira ukija, na moyoni niliamini kabisa. Alipopata nafasi ya kwenda kufanyiwa majaribio Dar, namba hiyo niliiandika kwenye barua yake.

Siku ya tatu akanipigia. "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia. "Wamenipima kwa tochi, ile mashine ya kupimia kasi. Mia na nane." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Aliulizwa mbele ya wenzake hiyo 135 ameitoa wapi, akashindwa kusema ni mwalimu wake. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: mtoto alinilinda mimi.

Basi nikarudi uwanjani kutafuta kilomita 27 zilikopotelea, na nyingi nilizipata chini, kwenye udongo. Uwanja nilikuwa nimeupima kwa hatua, kumi na nane na nusu, nikihesabu kila hatua kuwa mita moja. Nilipoweka utepe wa fundi, umbali ulikuwa mita 15.6. Hapo fizikia yote inajieleza. Mrushaji haachii mpira kwenye kibao. Anapiga hatua ndefu mbele, hivyo ukiondoa kama mita moja na nusu, mpira wa kijana wangu ulisafiri mita 14 wakati ulipaswa kusafiri karibu 17. Ulifika mapema. Mpira wa 108 kwenye uwanja wangu mfupi ulichukua muda uleule ambao mpira wa karibu 130 ungechukua kwenye uwanja kamili. Jicho langu halikukosea muda. Lilikosea umbali, na kasi ni umbali gawanya kwa muda, somo ninalolifundisha kidato cha kwanza kila mwaka.

Mkuu, hili ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote: jicho halioni kasi ya mpira unaokujia. Linaona mpira ukikua machoni na linakisia utafika lini. Hilo linalifanya vizuri sana, ndiyo maana binti aliyecheza rede anajua ainame lini bila kuhesabu chochote. Lakini kujua mpira utafika lini na kujua unakwenda kilomita ngapi ni vitu viwili. Ndiyo sababu watoto wadogo wanaorushiana kutoka mita 14 wanaonekana moto wa kuotea mbali, na warushaji wa softiboli ya wanawake, wanaosimama mita 13.1 tu, mpira wao wa kilomita 113 unampa mpigaji muda mfupi kama wa besiboli ya zaidi ya 145.

Yako mengine yaliyonidanganya. Ukubwa wa kitu, kwa mfano. Kitu kikubwa huonekana kinakwenda taratibu kuliko kidogo hata kama kasi ni moja. Nenda kasimame pale reli inapokatiza barabara, uangalie treni ya Kigoma ikija: inaonekana inatambaa, na bodaboda wengi wamejiaminisha kuvuka kwa sababu hiyo. Sasa chukua kitu chenye upana wa sentimita saba na nusu hivi, cheupe, kipite mbele ya ukuta wa darasa wenye rangi ya udongo. Kinapepea kama risasi. Halafu kishindo. Glavu yetu moja ilikuwa mpya na kavu, ilipiga paa! chini ya ukuta na mabati, na kila mmoja aliongeza kilomita kumi kwa masikio. Glavu iliyolainika ikidaka mpira uleule inatoa sauti ya mto wa sufi na watu wanasema leo amechoka.

Na mpangilio nao una mchango. Ukiangalia warushaji wanne wa 85 mfululizo, kisha akaja wa 105, utaapa kwamba umeona 130. Jicho linalinganisha, halipimi. Hapo hapo ndipo lilipo na manufaa: ukiniweka mahali pamoja, uwanja mmoja, nitakwambia bila shaka nani kati ya wawili ana kasi zaidi, na kama mrushaji ameanza kuchoka. Hilo wadakaji wazoefu wanalijua hata wakiwa wameinamisha kichwa. Lakini namba, hapana.

Kama ni lazima utumie macho, usisimame nyuma ya mdakaji wala nyuma ya mrushaji. Simama ubavuni, mbali, na uangalie upinde badala ya mpira. Mvutano wa dunia haubembelezwi: kitu kilichorushwa sawa na ardhi, bila mzunguko, kikikaa angani sekunde 0.6 kinashuka karibu mita 1.76, kikikaa 0.45 kinashuka kama mita moja tu. Mrushaji wa polepole lazima aelekeze mpira juu kidogo ili ufike, na ukiwa ubavuni utauona mgongo wa upinde ule. Mwenye kasi mpira wake unanyooka. Mzunguko wa nyuma unapunguza kushuka, kwa hiyo upinde haukupi namba kamili, ila haukudanganyi kama kuutazama mpira kutoka mbele. Kuna wapigaji wanaoapa kwamba mpira umepanda juu walipoukaribia. Haupandi. Walikisia kasi ndogo kuliko ilivyo, wakautegemea chini, ukapita juu ya pale walipoutegemea.

Watu wamehangaika na jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Mwaka 1940, Chicago, mrushaji wa Marekani Bob Feller alishindanishwa na pikipiki ya polisi: pikipiki inapita ubavuni kwa maili 86 kwa saa, yaani kilomita 138 hivi, naye anaachia mpira ikiwa imeshamtangulia, na mpira ukaiwahi kwenye shabaha. Zile tochi za kupimia mpira zilianza kuingia besiboli miaka ya 1970, na ni kitu kilekile trafiki anachotupiga nacho barabara ya Nzega: inatuma mawimbi, yanagonga mpira, yanarudi yakiwa yamebadilika kulingana na kasi. Lakini hata tochi inategemea umesimama wapi. Ikiwa pembeni kwa nyuzi 20, inasoma pungufu asilimia 6. Mpira wa 120 unaandikwa 113. Na mpira unapoteza kama asilimia 8 au 9 ya kasi kutoka mkononi hadi kwenye bamba kwa sababu ya hewa. Mrushaji Nolan Ryan alipimwa maili 100.9, yaani kilomita 162 hivi, mwaka 1974, karibu na bamba. Mrushaji mwingine, Aroldis Chapman, mwaka 2010 alisomwa kama kilomita 170, kwa mtambo unaochukua kasi mpira ukiwa bado karibu na mkono. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye mizani moja bila kusema zimepimwa wapi, unamdhulumu Ryan.

Sasa mdogo wako. Tochi huna, na mimi sina. Saa ya kubonyeza kwa kidole achana nayo kabisa, kidole kikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde umeharibu kila kitu. Mpira wa wastani wa 108 utausoma 92 au 130. Tumia simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa taratibu, ile inayopiga picha 240 kwa sekunde. Siku hizi si lazima iwe ya bei mbaya. Sisi tuliifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya matofali matatu, ubavuni, katikati ya mrushaji na mdakaji, mbali kiasi cha kuwaona wote wawili bila kuigeuza. Kisha pima kwa utepe, siyo hatua, kutoka pale mkono unapoachia mpira hadi pale glavu inapoudaka. Usipime kibao na bamba, maana mpira hauanzii kwenye kibao wala hauishii kwenye bamba.

Cheza video picha moja moja. Anza kuhesabu mpira unapotengana na vidole, acha unapogusa glavu. Kijana wangu aliporudi tulimpima hivi: umbali mita 17.2, picha 138. Gawanya 138 kwa 240 unapata sekunde 0.575. Gawanya 17.2 kwa 0.575, unapata mita 29.9 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, ni karibu kilomita 108. Huo ni wastani wa safari nzima, kwa hiyo kasi ya mkononi ni kubwa kidogo. Ongeza asilimia nne au tano, unafika 112 au 113. Ukikosea picha moja umekosea chini ya kilomita moja. Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde, picha moja tu inakupeleka kilomita sita au saba huku au kule, kwa hiyo hiyo usiiamini. Na hesabu kwa picha, usitumie sauti ya glavu kwenye video: sauti inachukua sekunde 0.1 kusafiri mita 34, kwa hiyo inachelewa kulingana na simu ilipo.

Tulifanya hivyo kila Jumamosi kwa miezi mitatu, mimi nikikisia kwanza kwa mdomo kisha tunahesabu. Mwishoni makisio yangu yalikuwa yanakosea kilomita tano au sita tu. Nikajiona nimeiva. Kisha tukaenda kucheza uwanja mwingine, wazi, hauna ukuta wala miembe, na siku hiyo nilikosea kwa 15.

Jambo moja nakuomba kama kaka, usilipuuze. Usimwambie kijana namba ambayo hujaipima. Baada ya ile 135 kusambaa shuleni, mwingine wa kidato cha pili alianza kurusha kwa nguvu zake zote kila siku ili aifikie. Kiwiko kikavimba upande wa ndani. Katika umri ule mifupa bado inakua na maungio yake ni laini; alikaa nje muhula mzima, mkono akiutegemeza na mwingine hata wakati wa kuandika. Yule wa Urambo yeye alitulia, tukafanyia kazi miguu na kulenga shabaha, akapanda polepole bila kuumia.

Kwa umbali wa mita 17.2, mtu wa 140 kweli anapaswa kukupa picha kama 111. Ukihesabu picha 140, basi yuko kama kilomita 111 kwa saa, na kwa kijana wa kidato cha tatu aliyeanza juzi huo ni mkono mzuri sana, umlee. Pima mirusho kumi, usichague ule mmoja mkali. Ukimaliza weka hapa hesabu zote kumi, umbali wa utepe, na simu uliiweka wapi. Nitakaa nazo jioni nikupigie mahesabu.