Smith wa Cavan na asili yake ya Kigaeli

Ndugu uliyeuliza kama kila Smith wa Ireland ni mzao wa walowezi wa Kiingereza, jibu ni hapana. Katika kaunti ya Cavan, familia nyingi zenye jina hilo zinatokana na ukoo wa kale wa Kigaeli, yaani wa wenyeji wa Ireland, uitwao Mac Gabhann, maana yake mwana wa mhunzi, ambao walilitafsiri jina lao moja kwa moja kuwa Smith, neno la Kiingereza la mhunzi, ilhali wengine walilibakiza kwa matamshi yake na kuliandika McGowan. Shinikizo la kuchukua majina ya Kiingereza ni la zamani: sheria ya mwaka 1465 iliwaamuru Waairishi waliokaa miongoni mwa Waingereza, Dublin na maeneo jirani, wachukue majina ya miji, ya rangi kama White, au ya ufundi, na Smith limetajwa humo waziwazi.