Acha mashine, anza na dele

Mwanangu, umeuliza ununue mashine gani ya kahawa ya nyumbani na mfuko wenyewe haujanona. Mie nakwambia iache. Umeme ukikatika, hiyo inageuka pambo. Dele dogo, lile birika la kupikia kahawa, au hata sufuria yenye kifuniko, yatosha. Pesa weka kwenye kinu cha mkono, maana buni iliyosagwa zamani haina harufu hata uipikie chombo cha dhahabu. Pima gramu 60 za kahawa iliyosagwa kwa lita moja ya maji. Ikichemka epua, ngoja dakika nne machicha yatue chini, umimine polepole. Iliki mwisho. (Mume wangu anataka na tangawizi, hayo yake.) Ukipenda nzito, tafuta birika la moka la Kiitaliano, lile la jikoni ambalo mvuke husukuma maji kupita kwenye kahawa: maji yasipite vali, kile kitundu cha usalama ubavuni, na unga usiushindilie.