Kabla hujamtajia mteja bei ya kutuma mzigo, pima boksi kwanza

Nyie mnaoanza kuuza mtandaoni, naona wengi mnahangaika sana na picha na bei ya bidhaa, ila gharama ya kutuma mnaiacha mpaka siku mzigo unafika kaunta, na hapo ndo faida yote inapoliwa. Hili suala halihitaji hesabu ngumu jamani, linahitaji mzani, futi na daftari basi.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni anakosea ni kupima bidhaa ikiwa uchi. Anaweka kiatu kwenye mzani, anaona gramu 800, anamwambia mteja bei ya kilo moja. Sasa weka boksi la kiatu, weka boksi la nje, weka karatasi za kujazia, tepu, lebo, tayari umeshavuka kilo moja, na ukivuka hata kwa gramu 20 unalipia daraja linalofuata, maana bei za mizigo zinapanda kwa ngazi. Kampuni nyingi za haraka zinaenda nusu kilo nusu kilo na zinaraundi kwenda juu tu, yaani kilo 2.05 inasomeka 2.5. Kwa hiyo uzito wa kuandika kwenye daftari ni wa mzigo uliofungwa kabisa, tayari kuondoka.

Sasa tuje kwenye lile linalowashangaza watu wengi zaidi, uzito wa ujazo. Ndege na gari vinajaa nafasi kabla havijajaa kilo, kwa hiyo msafirishaji anakutoza kwa nafasi uliyochukua kama mzigo wako ni mkubwa ila mwepesi. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha vyote vitatu, halafu unagawanya kwa namba ya hiyo kampuni. Kwa mizigo ya haraka ya kimataifa namba iliyozoeleka ni 5000, DHL Express wanatumia hiyo, kwenye kago ya ndege mara nyingi ni 6000. Jibu unalopata ni kilo. Unalinganisha na kilo za kwenye mzani, ile kubwa ndo unalipia.

Chukua mto wa kulalia, kwenye mzani na boksi lake ni kilo 1.2. Ukauweka kwenye boksi la 40 kwa 30 kwa 30, hapo ni 36,000 gawanya kwa 5000 unapata 7.2, ikiraundiwa unalipia kilo 7.5!! Kwa mto mmoja. Ule ule mto ukautoa hewa kwenye mfuko wa plastiki, ukaingia kwenye boksi la 35 kwa 25 kwa 15, inakuja 13,125, yaani kilo 2.625, unalipia kilo 3. Bidhaa ni ile ile, mteja ni yule yule, anwani ni ile ile. Mimi hapa ndo huwa nawasisitizia watu, ukitaka kupunguza gharama anza na boksi, usianze kwa kubembeleza punguzo kaunta, maana ukipunguza kimo kutoka 30 hadi 20 tu umeshakata theluthi nzima ya ujazo.

Vitabu, vyuma, mitungi ya vipodozi, hivyo ni kinyume chake. Boksi la 30 kwa 20 kwa 15 lina uzito wa ujazo wa kilo 1.8 tu lakini ukilijaza vitabu linafika kilo 6 kirahisi, hapo unalipia 6 na kubana boksi hakukusaidii kitu, angalia tu lisipasuke. Njia ya haraka ya kujua uko upande gani: kama kwa kila lita 5 za boksi (yaani zile sentimita 5000 za ujazo) hamna hata kilo moja ndani, wewe unalipia nafasi.

Mabango na picha za kuviringisha watu wanadhani ni rahisi kwa sababu neli, lile bomba la kuzibebea, ni nyembamba, ila neli inahesabiwa kama boksi la mraba. Urefu 90, kipenyo 10, hiyo ni 90 kwa 10 kwa 10, kilo 1.8, wakati ndani kuna karatasi za nusu kilo. Na wapo wanaoongeza ada kwa sababu neli inabingirika kwenye mkanda wa mashine, kwa hiyo uliza mapema.

Vipimo vinachukuliwa nje ya boksi, sio ndani, na pale lilipotuna zaidi. Ukijaza mpaka kifuniko kikapanda kama tumbo, kimo chako kimeongezeka sentimita 2 au 3 na mashine inaona.

Kwa vitu vidogo usikimbilie kampuni za haraka tu, angalia posta. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani kuna vifurushi vidogo vinavyosafiri pamoja na barua, mwisho kilo 2, urefu, upana na kimo ukijumlisha visizidi sentimita 90 na upande mrefu usizidi 60. Hereni, nguo nyepesi, vipuri vya simu vinaingia hapo vizuri na mara nyingi bei inakuwa nafuu kuliko paseli ya kawaida. Ndo maana oda ya kilo 2.3 wakati mwingine ni nafuu kuigawa mara mbili, ila piga hesabu kwanza kwa sababu mara nyingi zaidi kuunganisha ndo kunalipa, ile ngazi ya kwanza ya bei huwa ndo ghali kuliko zote, na mteja aliyechukua mashati mawili usimtoze kutuma mara mbili wakati yanaenda kwenye mfuko mmoja.

Kwenye daftari kila bidhaa iwe na mstari wake: uzito ikiwa imefungwa, vipimo vitatu, boksi gani inakaa. Maboksi yenyewe chagua saizi tatu au nne uzizoee. Bei za wasafirishaji zinabadilika na kuna nyongeza za mafuta na za maeneo ya mbali, kwa hiyo usikariri bei, kariri vipimo.

La mwisho, wasafirishaji wengi wanapima tena mzigo ukishafika kwao na ikitofautiana na ulichoandika wanakudai baadaye. Piga picha mzigo ukiwa juu ya mzani namba inasomeka, nyingine futi ikiwa imelala kwenye kila upande, na uzitunze hizo picha mpaka bili ya mwezi itoke.